Sungura wa Githinji

Thika,
24 Mei, 1954.

Kwa ndugu yangu Barasa,

Salamu nyingi zikufikie huko Kimilili, wewe na shemeji Nelima na watoto wote. Mguu wa mzee unaendeleaje? Uliandika kwamba umevimba hata kiatu hakiingii. Nimekuwa nikimwombea, ingawa unajua mimi ni mtu wa kusinzia kanisani, basi sijui maombi yangu yanafika wapi. Mwili wangu ni mzima. Mikono ndiyo imechanikachanika kwa mananasi, na ule utomvu wake unawasha vilevile kama ulivyouacha. Habari za moyo nitakupa, ila nivumilie nianze mbali.

Barua hii sikuitia posta. Nimempa Absalom wa kiwandani, anayerudi kwao upande wa huko kwa likizo, maana siku hizi za hali ya hatari barua hufunguliwa kabla mwenyewe hajaiona.

Najua umekwisha kusikia kwamba jirani yetu Githinji alichukuliwa. Ilikuwa Jumanne, tarehe nne. Askari walikuja alfajiri na malori, wakatutoa vyumbani, wakatupanga uwanjani, Wakikuyu upande huu na sisi wengine upande ule. Githinji alipanda lori bila kofia, yeye ambaye hakwenda hata chooni bila kofia. Kosa lake hatukuambiwa. Malori yalipoondoka, nyapara akatangaza kwamba vyumba vya waliochukuliwa visiguswe, na atakayeonekana mlangoni naye atapandishwa lori. Ndugu yangu, ungetuona tulivyokwenda kazini siku ile. Kiwanda kizima hakuna aliyepiga mluzi.

Ijumaa mchana karani wa nyumba akaniita, akanipa ufunguo wa chumba cha Githinji, akaniambia nitoe vitu kwa sababu kuna mtu mpya anahamia. Nikafungua. Nyuma ya kitanda, katika lile sanduku la mbao, nikamkuta Kabuku. Unamkumbuka, yule sungura mweupe mwenye sikio moja la kijivu. Mkewe Waceke alipopata kazi ya kuchuma kahawa Ruiru na kuhama na binti yao Ngendo, mtoto alimwacha sungura wake huku Thika ili baba yake asikae peke yake. Wewe ulikuwa ukimwangalia kwa jicho la mchuzi, na Githinji akikuahidi kwamba utapewa masikio.

Siku ile usingemtamani. Alikuwa amelala ubavu, macho yamezama, manyoya yamesimama. Kopo lake la maji lilikuwa kavu, limelambwa mpaka kutu inang'aa. Nilimvuta ngozi ya shingoni nikaiachilia, nayo ikabaki imesimama vilevile. Nikamwekea jani la kabichi mdomoni, akageuza uso. Nilidhani amekwisha.

Nikakumbuka mdogo wangu Aketch alivyoharisha zamani hata akakauka midomo. Mama alimpa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo na sukari, kijiko kimoja, anasubiri, kijiko kingine, na alikuwa akitukemea kwamba mtu aliyekauka ukimmwagia maji mengi yatampalia. Kijiko hakikuingia kwenye mdomo wa Kabuku. Nilichukua kichupa cha dawa ya macho, kile chenye mpira wa kutonesha, nikakichemsha mara mbili, nikawa namtonesha pembeni mwa mdomo, nyuma ya yale meno marefu. Tone moja, nangoja ameze. Matone ya kwanza yalitoka yote yakalowesha kidevu chake. La saba au la nane likashuka, nikaona koo linacheza, na mimi mtu mzima nikajikuta nasema asante.

Tangu siku hiyo nikawa na kazi mbili. Alfajiri namnywesha, saa sita nakimbia kutoka kiwandani namnywesha, jioni nampakata namsugua tumbo polepole, maana alikuwa hapati choo kabisa. Watu wa laini yetu ya vyumba walicheka mpaka wakachoka. Wakaniita Mama Kabuku, na mmoja akauliza kama nitamnyonyesha pia. Siku ya tatu aliponikojolea suruali ya Jumapili, nilitoka nje kuwaonyesha, na hata wale wacheshi wakapiga makofi.

Lakini kula alikataa. Nilimletea majani ya mchunga yenye umande, majani ya viazi vitamu, karoti niliyoikwangua laini kama uji wa mtoto. Alinusa, akalaza masikio. Maji peke yake hayamweki mnyama duniani, na kila asubuhi nilikuwa namwona mwepesi zaidi mapajani mwangu.

Jumatano iliyofuata Waceke akaja. Alikuwa na karatasi ya ruhusa ya mpaka saa kumi tu, amekuja kuchukua nguo za mumewe. Hajaambiwa mumewe yuko wapi. Wengine wanamwambia kambi ya kizuizini ya Manyani, wengine wanamwambia asiulize. Alikunja zile nguo bila machozi, akaichukua kofia bila machozi, ila alipomwona Kabuku mapajani mwangu akasema Ngai, Mungu wangu, akakaa chini sakafuni akalia. Nikamwambia amchukue ampelekee mtoto. Akakataa. Alisema Ngendo amekwisha kuchukuliwa baba, hawezi kumpelekea na sungura wa kufia mikononi. Akaniomba nijaribu mpaka ale, na akileta ubishi akafa basi nimzike hukuhuku, yeye atajua la kumwambia mtoto. Kisha akanishika mikono yote miwili, akasema Mungu alijua anachofanya alipotuweka ukuta mmoja na mtu kama mimi. Nikaitoa mikono, nikamfungia furushi la nguo.

Jumamosi jioni nilikuwa nimekaa namenya viazi vyangu, nikasikia kitu kinatafuna. Barasa, alikuwa amevuta jani la kiazi kwa ncha ya meno, analila kama anayelionea aibu. Niliacha kumenya, kisu mkononi, mpaka alipolimaliza. Kesho yake akala matatu, na baada ya wiki alikuwa akinigombania karoti.

Basi jana Jumapili niliazima baiskeli ya Absalom, nikamtia Kabuku ndani ya kiondo, nikaenda Ruiru. Waceke alinipokea kama ndugu wa tumbo moja. Kulikuwa na chai ya maziwa, na majirani wawili wameitwa kumwona Odhiambo, Mjaluo aliyemfufua sungura. Ngendo alimtoa kwenye kiondo, akamkagua meno, akamkagua masikio, akamvuta ngozi ya shingo, hata mimi nikacheka. Ana miaka minane na uso wa baba yake mtupu. Halafu akaniuliza Kabuku alikaa siku ngapi bila maji. Nikamwambia siku tatu. Akauliza, hakubisha hodi? Sikuelewa, akanieleza kwamba Kabuku maji yakiisha hupiga ubao kwa mguu wa nyuma, kwa nguvu sana, na baba yake alikuwa akisema karibu, kisha anainuka kumjazia.

Nikamwambia hakubisha.

Barasa, alibisha. Hili ndilo nililotaka kukuambia tangu mstari wa kwanza. Alianza Jumanne ileile jioni. Unazijua kuta zetu, mtu akikuna kichwa upande wa pili unasikia. Nilikaa kitandani nikimsikiliza akigonga, ananyamaza, anagonga tena. Ufunguo sikuwa nao, lakini kile kidirisha cha nyuma cha chumba chake hakifungi, wewe mwenyewe umewahi kupitia pale ukalala kwake ulipopoteza ufunguo wa chumba chetu. Ningeweza kumshushia kopo la maji kwa kamba. Niliogopa nyapara. Nikajiambia sungura hanywi maji, umande unamtosha, kana kwamba umande huanguka ndani ya chumba kilichofungwa. Jumatano aligonga, mvua inapiga mabati na yeye anakufa kiu chini yake, nami nikajifunika blanketi kichwani. Alhamisi jioni akaacha. Nitakuambia ukweli wote: alipoacha, nilishukuru.

Na Githinji ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati mwaka ule wa malaria. Wewe ulikuwapo.

Ningeweza kuubeba uoga huo na chai ya Waceke juu yake, wengi tunaubeba siku hizi. Lakini Ngendo alipolisikia jibu langu, alimwinua Kabuku usoni pake akamkemea. Alimwambia yeye ni mjinga, kwa nini hakubisha hodi, baba Odhiambo yuko pale ukutani, angemfungulia.

Jumapili ijayo narudi Ruiru, kumwambia mtoto kwamba sungura wake hana kosa. Mama yake atakavyoniangalia sijui. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Msalimie mzee, mwambie mguu auweke juu ya kigoda. Msalimie shemeji Nelima na wanao mmoja mmoja kwa jina. Ukiwa na la kunigombeza, niandikie, nitalisoma.

Ni mimi mwenzako wa chumba,
Erastus Odhiambo