Kompyuta Iliyopoteza Sauti

Jumapili, Chaani

Nani alinituma kusasisha kerneli, kile kiini cha mfumo, kwenye kompyuta iliyokuwa nzima? Imewaka tena ikiwa bubu. Na tangu Mama ahamie kwa kaka huko Likoni, redio ya kompyuta hii ndiyo sauti pekee humu ndani.

Nimehangaika nayo tangu adhuhuri. Mwishowe nikamwandikia Rukia wa kazini. Akajibu, “Iwashe kwa kerneli ya zamani, dada, kisha ujaribu spika.” Basi. Hata kuniuliza hali…

Nikafanya alivyosema, nikaanzisha jaribio la spika. Kimya. Nikapandisha sauti hadi mwisho, nikaliacha jaribio lijirudie, nikaenda jikoni kuinjika chai.

Ghafla sauti ya mwanamke ikatoka chumbani: “Spika ya kushoto!”

Nami, wallahi, nikaitika, “Abee, Mama!”