Hakimu Mzee, Namba Nne

Migori, Jumapili jioni, Agosti 1996

Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi na mvua yenyewe haitaki kunyesha. Nimefunga mlango. Leo sitaki kuonana na mtu.

Nimemdanganya dada yangu. Naliandika hili kwanza, nisije nikaanza kuzungukazunguka.

Kurasa za nyuma za shajara hii zinajua nilivyoringa na orodha yangu. Ni ukurasa nilioukata kwenye gazeti la zamani, filamu arobaini ambazo wajuzi wanasema hazijapata kutokea bora kuliko hizo. Mimi, mwalimu wa darasa la sita, niliapa kuzitazama zote na kuzipanga upya kwa akili yangu. Nimefika ya ishirini na tatu. Kila moja ina ukurasa wake daftarini, na namba, na sababu. Walimu wenzangu wamechoka kusikia kwa nini ile ya mwanamke wa kivuko imeshuka hadi ya kumi na moja.

Kaseti naziazima kwa mtu wa Kisumu, siku mbili tu zirudi. Mwaka jana aliniletea ile ya hakimu mzee anayestaafu na kurudi kijijini kwao, anakuta kila nyumba ina mtu ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumfunga. Niliitazama mara mbili nikashindwa kuamua kama ni ya tatu au ya nne. Nikataka nakala nibaki nayo. Kaseti tupu sikuwa nayo, na madukani zilikuwa zimekwisha.

Kabatini kulikuwa na kaseti ya arusi ya Adhiambo.

Adhiambo ndiye dada yangu pekee. Arusi yake ilifanyika nyumbani kwetu Karungu, halafu akaenda kuishi na mumewe Homa Bay. Kaseti aliniachia mimi niitunze, kwa kuwa katika familia nzima ni mimi tu mwenye televisheni na deki. Saa mbili za watu wanakula, wanahutubu, halafu wanakula tena. Niliitazama mara moja nikasinzia.

Nikaipeleka kwa Mwita, fundi wa redio pale sokoni, ambaye ana deki mbili. Aliigeuza akanionyesha mgongoni, pale ambapo kipande kidogo cha plastiki huvunjwa ili mtu asirekodi juu yake.

"Mwalimu, hii imevunjwa," akasema. "Mwenyewe hakutaka iguswe."

Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Nikachukua selotepu yake nikaliziba lile tundu kwa mkono wangu.

Sasa niseme lililo baya zaidi. Mama yetu alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya siku hiyo, na nilijua yumo kwenye ile kaseti. Sikusahau, ingawa ndivyo nilivyojaribu kujiambia tangu jana. Niliamua tu kutofikiria.

Picha ya Mama tuliyo nayo ni ile ya kitambulisho, tuliyoikuza kwa ajili ya mazishi. Amekaza uso kama mtu anayegombezwa na karani. Mama hakuwa hivyo hata siku moja. Alikuwa mtu wa kucheka kabla hujamaliza kisa chako, mpaka unasahau ulitaka kusema nini.

Jana Adhiambo alikuja na Aloo, binti yake wa miaka mitatu, aliyepewa jina la Mama. Mtoto ameanza kuuliza huyo dani wake, bibi mwenye jina lake, alikuwa anaongea namna gani. Ndicho kilichowatoa Homa Bay. Aloo alikuwa amevalishwa gauni la kanisani na kupakwa mafuta mpaka magotini, kana kwamba anapelekwa kwa mtu. Walikaa mbele ya televisheni, mama kwenye kiti, mtoto sakafuni karibu kabisa na kioo.

Nikasema deki imeharibika. Nikasema kichwa chake kimechafuka na kinaweza kutafuna kaseti. Nilieleza kwa kirefu, maana kueleza ndiyo kazi yangu.

Adhiambo hakushuku chochote. Alinihurumia, akaniuliza sasa nitatazamaje filamu zangu. Leo mchana walipokuwa wanaondoka alinishika mkono.

"Haina haraka, owadwa," akasema, akiniita ndugu yake kwa lugha yetu. "Tengeneza tu polepole. Mama hatoki humo ndani."

Aloo aliipungia televisheni mkono.

Walipokwisha kwenda niliiweka ile kaseti. Niliikimbiza filamu yote mbele, hakimu akitembea mbiombio kama kuku, hadi majina yakapita. Zikaja chenga kiooni. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuzima.

Kisha ukatokea uwanja wa nyumbani Karungu, jioni, arusi imekwisha. Viti vinabebwa. Wanawake wanasugua sufuria. Mama ameinama, ameipa kamera mgongo, leso imelegea kiunoni. Mtu anamwita. Anageuka, anaiona kamera, anacheka, anafuta mikono kwenye leso.

"Huyu wa kamera amekula kweli?" anauliza. "Ochieng', mpe chakula. Wewe umekula mara tatu."

Anarudi kwenye sufuria yake. Picha inakatika.

Ochieng' ni mimi.

Ni dakika moja na nusu, nimeipima kwa saa yangu ya mkononi. Nimeirudia na kuirudia mpaka nikaogopa utepe utakatika. Nimelia, na sikulia hivi hata siku ya kumzika.

Halafu nikachukua daftari na kalamu. Hakimu mzee yuko pale, namba nne, ukurasa mzima wa sababu. Nilitaka kumshusha, niandike kitu kingine juu kabisa. Nikaona aibu upya, kwamba hata leo, hata kwa Mama, ninachojua kufanya ni kupanga namba. Nimelifunga.

Nimeibandua ile selotepu. Nimechelewa mwaka mzima, lakini nimeibandua.

Kesho naenda Homa Bay na kaseti hii. Jirani yao ana deki, na najua Aloo atakimbilia kukaa karibu na kioo. Nitamwambia Adhiambo kabla haijaingia, wakati bado anaamini Mama yumo humo mzima.