Pua ya Bi Harusi

Shoga, haya ya leo hutayaamini!

Ile picha ya dada ninayoichora kwenye tableti, ya kuwekwa mlangoni siku ya harusi yake? Dada mwenyewe kaja kukaa ubavuni kwangu. "Kivuli cha pua kimekolea. Lainisha."

Nikalegeza mkono, nikapitisha kalamu polepole, giza likayeyukia kwenye mwanga. Safi!

"Lainisha tena."

Nikalainisha.

"Tena, mdogo wangu."

Shoga, pua ya kuchorwa ni kivuli tu, ukikifuta hakuna pua. PUA IMEISHA! Imeisha yote, uso umebaki kama yai!

Yeye eti vigelegele: "Hapo sasa ndiyo mimi!"

Mara kaingia shemeji, bwana harusi mwenyewe. Kakodoa macho: "Huyu nani?"

Dada kanigeukia, machozi yanamlengalenga: "Mwambie."

Wote wananitazama. Wewe ungejibuje?