Wimbo wa 31 wa Mama Victorine

Lubumbashi, commune ya Kenya, tarehe 3 mwezi wa sita 2025

Mutoto wangu Léa,

Jambo sana. Natumaini uko muzima, na bantu ba kwako pia. Mimi niko, magoti tu njo inanisumbua. Dada yako Keren anakusalimia.

Najua utashangaa kuona jina langu. Toka uolewe, miaka sita, hatujaandikiana, na kwa matanga ya mama yako Victorine tulisalimiana tu kama majirani. Sitazunguka: nahitaji musaada wako.

Paroisse, kanisa letu, itafanya jubilé tarehe 15 ya mwezi wa nane. Chorale banataka kitabu cha nyimbo zote za mama yako, na ziwekwe kwa internet pia. Muchwa ishakula jalada ya cahier moja aliandikia nyimbo. Hénoc, ule anaongoza chorale sasa, anasema Word ya ordinateur yangu inamufikia yote imevurugika. Anataka maandishi matupu, na alama kidogo-kidogo ndani, programu yake itapanga yenyewe. Alinionyesha haraka-haraka, kama mutu anakimbiza bus. «Muulize Léa, ordinateur njo kazi yake kule Kipushi.» Miaka makumi tatu nilipigia bantu barua na machine mbele ya maison communale, ofisi ya commune, leo nafundishwa kuweka nyota! Yesu wangu.

Ukikataa, nitaelewa.

Baba yako, Adalbert


Kipushi, tarehe 5 mwezi wa sita

Baba,

Jambo baba. Pole na magoti. Sisi tuko bazima. Mutoto wetu Rehema iko na miaka ine, anaongea kupita radio. Barua yako niliisoma mara ine. Bwana yangu Shafi aliniuliza juu ya nini nalia, nikamujibu ni kitunguu. Hakukuwa kitunguu.

Ni mwepesi. Fungua Bloc-notes, ile programu ya maandishi matupu. Dièse moja, alama hii #, halafu nafasi, halafu jina la wimbo: hicho ni kichwa kikubwa. Dièse mbili, kichwa kidogo. Neno ukilizungushia nyota moja kila upande, linalala. Nyota mbili, linanenepa. Kati ya ubeti na ubeti acha mustari mutupu. Na mwisho wa kila mustari gonga nafasi mbili, la sivyo mistari yote itashikana.

Tuma, tuone.

Mutoto wako, Léa


Lubumbashi, tarehe 19 mwezi wa sita

Léa,

Habari za huko? Huku si muzuri. Nilipiga nyimbo kumi na mbili, nikafuata kila kintu ulisema. Hénoc anasema mabeti yote imefungiwa ndani ya masanduku ya rangi ya majivu, na herufi za ajabu, kama facture ya duka. Alicheka mupaka akakaa chini. Mbele yangu, Léa! Mutoto nilimupigia mimi mwenyewe cheti cha ubatizo!

Mimi sikukosea. Hiyo programu haikusoma.

Baba yako


Kipushi, tarehe 20 mwezi wa sita

Baba yangu,

Jambo, na tuliza roho. Sema kweli: uliweka nafasi tano mbele ya kila mustari, vile bafrère ba misioni balikufundisha kupiga machine?

Najua uliweka. Tukiwa batoto, Keren na mimi tulihesabu nafasi tano ata kwa barua ya Saint Nicolas, na tukikosa, rula kwa vidole! Sasa sikiliza: nafasi ine ao zaidi mbele, programu inafikiri ni maandishi ya mafundi ba ordinateur, inayafungia ndani ya sanduku. Anzia pembeni kabisa, baba. Hakuna frère atakuona.

Léa wako


Lubumbashi, tarehe 27 mwezi wa sita

Léa,

Salamu nyingi. Nilitoa nafasi zote. Vidole vilikataa siku mbili, vikakubali. Masanduku imekwisha! Nilipiga mikono peke yangu kwa nyumba, Keren akafikiri nimepandwa na homa. Hénoc hacheki tena, ananiita «maître». Nyimbo makumi tatu zishafika kwake.

Yule mutoto Rehema, anapenda kuimba?

Baba yako


Kipushi, tarehe 28 mwezi wa saba

Baba,

Jambo. Mwezi muzima bila habari, uko mugonjwa? Nilikujibu mara mbili kama Rehema anaimba kutwa. Hénoc anasema ulisimama kwa 30, na kitabu kinafungwa tarehe 10. Mama aliniambia kwa simu nyimbo ziko 31. Ya mwisho iko wapi?

Léa


Lubumbashi, tarehe 2 mwezi wa nane

Léa,

Sisumbuki na mwili. Nina haya.

Wimbo wa 31 ni wa kushukuru juu ya batoto wetu: kaka yako Dan, Keren, na weye. Mustari wa tatu uko na jina lako. Siku uliolewa na Shafi, juu ni Mwislamu, nilichukua kalamu ya Bic nyekundu nikaukata. Mama yako aliona. Hakuandika wimbo mwingine tena mupaka akafa.

Mutu wa machine hapigi kintu chenye kufutwa, njo tulivyofundishwa. Ningepiga mistari mbili tu, na hakuna mutu angejua. Nilijaribu. Sikuweza. Kuko alama ya maneno yenye kukatwa? Nataka ionekane kama ni mimi nilikata.

Adalbert


Kipushi, tarehe 4 mwezi wa nane

Baba,

Iko. Vimawimbi viwili mbele, viwili nyuma: ~~hivi~~. Kwa clavier yako, AltGr pamoja na 2. Neno linabaki, mustari unapita katikati yake.

Nimeumia, sitakudanganya. Lakini asante juu umeniambia. Chagua weye mwenyewe.

Mutoto wako, Léa


Lubumbashi, tarehe 9 mwezi wa nane

Mutoto wangu,

Huu hapa, soma mbele Hénoc hajaupata:

# Wimbo wa 31

Asante kwa Dan, mwenye kutulia,
asante kwa Keren, mwenye mikono myepesi,
asante kwa Léa, kicheko cha nyumba yetu.

Vimawimbi nilikuwa nimeviweka, vyote vine. Nikaviangalia mupaka chai ikapoa. Halafu nikavifuta kimoja-kimoja. Kwa cahier Bic haitoki. Huku inatoka, na mama yako njo mwenye wimbo, si mimi.

Nisamehe. Tarehe 15 mukuye bote batatu. Shafi pia, nataka kumusalimia mwenyewe.

Baba yako anayekupenda


Kipushi, tarehe 10 mwezi wa nane

Baba,

Hénoc amepokea. Hakuna sanduku ata moja.

Tutapanda bus ya kwanza. Shafi atakaa benchi ya nyuma ya kanisa, anasema umuwekee kiti karibu yako kwa chakula. Rehema ashajua mustari wa tatu. Anauimba vibaya, kwa sauti kubwa, toka asubuhi.

Léa, mutoto wako