Bomba Linakuja, Vidonge Havimo

Buswelu, Mwanza
Jumapili, baada ya kanisa

Kaka yangu Magesa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, umeshiba, na huna mtu unayegombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Mama anaendeleaje? Uliandika kwamba mgongo unamsumbua lakini bado anashuka mwenyewe ziwani kuteka maji pale kwenye mawe. Namfahamu mama, hatakubali kusaidiwa hadi adondoke na ndoo kichwani. Mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili.

Sisi huku ni wazima. Neno hilo nimeliandika taratibu, maana mwezi uliopita nisingeweza kuliandika. Nitakueleza.

Barua yako niliipata kwa kondakta wa basi la Musoma, imekunjwa kama sambusa. Nimeelewa yote. Pamba umeiacha, na sikulaumu. Kama usemavyo, wanunuzi wanakuja kila mmoja na mizani yake na bei yake, halafu msimu unaofuata huwaoni. Dawa iliyokuwa ikiletwa na chama cha ushirika haiji tena. Sasa unataka kulima nyanya pale chini, kati ya nyumba na ziwa, na unaomba nikutumie lile bomba letu la zamani la kupulizia, pamoja na mchanganyiko wa shemeji yako Masanja, ule uliouona ulipotutembelea. Umeandika hivi: "Usisahau na vile vidonge."

Jibu ninalo, ila linaanzia mbali kidogo, kwa hiyo nivumilie.

Siku ulipoiona bustani yetu ilikuwa kijani, ukamtania Masanja kwamba Msukuma ameona maji akajifanya Mjita wa ziwani kama sisi. Kitu ambacho hukukiona ni namna tulivyofika pale. Sisi tulipokuwa wadogo dawa ya shambani ilikuwa moja tu, ya pamba, na bwana shamba aliigawa amekunja uso. Siku hizi nenda madukani Mabatini uone. Kuna ya funza, ya utitiri, na ule unga wa bluu wa ukungu, na vyote unapimiwa kwenye chupa ya soda bila karatasi ya maelezo. Muuzaji anakuuliza tu, "Nikupe kali au kali kabisa?" Nani ataomba ile isiyo kali?

Msimu wa kwanza funza walikufa. Msimu wa pili walilewa tu, kesho yake wakaamka wakaendelea kula. Masanja akawatazama akasema, "Wameizoea." Akaongeza kipimo. Walipoizoea na hiyo, akachanganya mbili, kisha tatu. Bonde zima linafanya hivyo. Mkulima wa huku akikuta funza hai asubuhi anasema "wameizoea" kama wewe unavyosema leo kuna upepo.

Kisha ukaja mnyauko. Mche unauona mzima asubuhi, mchana umeinama, na hakuna dawa ya dukani iliyousaidia. Hapo ndipo watu walipoanza kutumia rangi mbili, dawa ya kutibu watu. Unavijua vidonge vile, ndivyo tulivyokuwa tukifungua na kumwaga unga wake kwenye kidonda mtu akijikata na jembe. Sijui nani wa kwanza aliyevitia kwenye bomba. Duka la dawa za binadamu limepakana na duka la dawa za mimea, nadhani mtu aliingia mlango usio wake akatoka na wazo. Siku ya kupulizia sisi wanawake tulikuwa tunakaa kivulini tunafungua vidonge, unga kwenye beseni, maganda pembeni, tunapiga soga kama watu wanaomenya karanga. Wengine walisema inasaidia, wengine walisema haisaidii. Hakuna aliyeacha kwa sababu jirani alikuwa hajaacha.

Kisima cha bustani unakikumbuka, kile kifupi chenye mgomba pembeni. Hapo tunachota maji ya kumwagilia, na hapo hapo bomba lilikuwa linaoshwa. Maji ya kunywa tunachemsha. Lakini vyombo na mboga tulioshea maji ya kisima, na mtoto ni mtoto, anakunywa chochote kinachong'aa.

Sasa nafika kwenye lililonifanya nichelewe kukujibu. Nyangeta wetu, huyu mwenye jina la mama, alianza kuharisha. Siku ya kwanza nilidhani ni embe bichi. Kisha ikaja damu. Zahanati wakampa dawa ya maji, nikampa kama nilivyoelekezwa, sikuruka hata kijiko. Hakupata nafuu. Macho yalizama, akaacha hata kulia, na mtoto wetu unajua anavyopenda kulia. Tukampeleka hospitali mjini. Nilimbeba mgongoni, na njia nzima nilikuwa nageuza shingo kusikiliza kama bado anapumua. Kaka, niliogopa. Nilianza kufikiri jinsi nitakavyomwambia mama kwamba jina lake limerudi udongoni.

Pale tulipokelewa na daktari mmoja, dada wa Kihaya mwenye sauti ya chini. Akamtundikia maji, akachukua choo kikapimwe. Majibu yalipotoka akatuita wote wawili.

"Wadudu waliomo tumboni hawafi kwa dawa aliyopewa zahanati," akasema. "Tumewajaribu na hii ya rangi mbili, nayo hawafi. Wameshazoea. Kuna nyingine moja hapa, tutaanza nayo leo."

Nikamwuliza, "Na hiyo ikishindwa?"

"Tuanze kwanza, mama."

Masanja alikuwa ameinamia kofia yake. Unamjua, huyu mtu maneno anayatoa kama anayakopa. Aliposikia "wameshazoea" akainua kichwa. Akasema, "Daktari, mtoto huyu hajawahi kumeza rangi mbili. Hata unga wake hajaulamba. Sasa hao wadudu wameizoea wapi?"

Daktari akamtazama, akaweka kalamu chini. "Hawakuizoea kwake. Walimwingia wakiwa tayari wameizoea. Mnafanya kazi gani?"

"Bustani."

"Mnapulizia nini?"

Masanja akaanza kuzitaja moja moja, ya funza, ya utitiri, ya ukungu, na alipofika kwenye vidonge akanigeukia. Nikamalizia mimi. Daktari hakutugombeza. Ningependa angetugombeza, ningepata pa kuweka hasira yangu. Alituuliza maji tunachota wapi na bomba tunaoshea wapi, kisha akatueleza polepole. Alisema wadudu wadogo kama hawa wamejaa kwenye udongo, kwenye samadi na kwenye maji. Ukiwamwagia dawa, wanyonge wanakufa, wachache wenye kinga wanabaki na kuzaana. Na hawa waliobaki wanaweza kugawiana ile kinga, hata na wadudu wa aina nyingine, kama jirani anavyompa jirani mbegu.

"Vidonge mlivyotia kwenye bomba, hilo liko wazi, msirudie," akasema. "Lakini wapo wanaojiuliza kama hata dawa za kawaida za shamba, za wadudu na za ukungu, nazo zinawazoesha kustahimili dawa za hospitali. Mimi sijui kwa hakika. Siwezi kuwaambia kwamba mtoto ameumwa kwa sababu ya nyanya zenu. Huenda wametoka kwa mtu aliyemeza dawa nusu akaacha."

Masanja akauliza, "Lakini inawezekana?"

"Inawezekana."

Ile dawa ya mwisho ilifanya kazi. Nyangeta alipoomba ugali nililia mbele za watu na sikuona aibu. Sasa anakimbia, anavunja vikombe, amerudia kulia bila sababu. Ila wakati tunaondoka daktari alinishika mkono akasema nijitahidi asiugue tena namna ile, maana baada ya dawa hiyo kabati lake halina nyingine. Neno hilo ninalo mpaka leo. Nikiosha vyombo nalisikia.

Nimelifikiria sana jambo hili, kaka. Sina hakika, na sipendi kujifanya ninayo. Huenda ni choo cha jirani kilifurika mvua iliponyesha. Huenda ni mimi na mikono yangu. Lakini kila nikitafuta njia ya kuitoa bustani yetu kwenye habari hii, lile swali la Masanja linanirudisha. Tulikuwa tunajua kwa macho yetu kwamba funza wanazoea dawa. Tulilisema kila asubuhi. Hatukuwahi kujiuliza ni nani mwingine pale ardhini, tusiyemwona, naye anazoea.

Tangu tuliporudi, Masanja hajalitaja jambo hili hata mara moja. Kesho yake tu alichukua jembe akachimba shimo mbali kabisa na kisima, juu kwenye mwinuko, na bomba linaoshwa huko. Majirani walipoleta beseni la vidonge akawaambia hana kazi navyo. Miche iliyonyauka aliing'oa akaichoma, na pale palipokuwa na nyanya akapanda vitunguu. Ya funza bado anapulizia, lakini anapita kwanza mstari kwa mstari kuangalia kama wapo. Nyanya tulizovuna mara hii ni chache, na watu wanamcheka kwamba ameogopa mnyauko. Yeye hawajibu. Mimi nawajibu, na unajua ninavyojibu.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili. Bomba nitalituma, nitampa kondakta yule yule. Vidonge havimo, wala mchanganyiko haumo. Usivitafute Musoma nyuma ya mgongo wangu. Ukiona huwezi kulima bila hivyo, panda gari uje uvichukue hapa mwenyewe, Nyangeta akiwa amekaa mapajani pako. Na pale chini usilime. Najua ni karibu na maji na udongo ni mweusi, lakini kila utakachopulizia kitateremka kwenye mawe anapochota mama. Ni mzee, tumbo lake si la ujana, na zahanati ya huko kabati lake tunalijua sote. Lima upande wa juu, karibu na barabara, hata kama utabeba ndoo na kunitukana njiani.

Msalimie wifi, mkeo, umwambie vitenge nimeviona na nitachagua kisichochuja. Msalimie mjomba mshona nyavu, na mama mkubwa anayeongoza kwaya, mwambie huku naimba sauti ya pili kwa sababu ya kwanza imejaa watu wa Kagera. Watoto wako wote nawabusu, aliyefanya mtihani na aliyeukimbia.

Nilikuwa nimefika hapa, nataka kufunga bahasha, Masanja akaingia akaniuliza naandika nini kirefu hivi. Nikamsomea yote tangu mwanzo, na mambo ya hospitali. Nilidhani atatoka nje. Ameegemeza jembe ukutani, kisha amesema, "Bomba usimpe kondakta. Nitalipeleka mwenyewe, nimwonyeshe shemeji pa kulioshea."

Basi mtarajieni. Mama amchomee samaki, anapenda sato asiyekauka sana. Akifika usimwulize habari za hospitali. Atachukua jembe lako, atapanda juu mbali na maji, ataanza kuchimba shimo. Ukimwona anachimba, jua ndiyo anakueleza. Chukua jembe la pili umsaidie.

Mdogo wako akupendaye,
Rebeka, mama Nyangeta