Ramani Yangu Yasema Kibokoni Kimya

Bi Mirriam, shikamoo. Naomba uniokoe kwa ushauri wako. Mimi ni mtu wa Machakos, nimepanga chumba Kibokoni kwa Mzee Badawi, na nimeajiriwa kwa majaribio kupima kelele za magari, unasimama kando ya barabara na mashine, kisha vipimo vinaingizwa kwenye kompyuta inayochora ramani, nyekundu penye kelele, kijani penye kimya, na Makupa ikatoka nyekundu, Kizingo kijani, na Kibokoni pia kijani, mkubwa wangu Bwana Maxwell akanisifu mbele ya wenzangu nami nikavimba kichwa, kumbe Kibokoni nilipima alasiri za Ramadhani, maduka yamefungwa na watu wamelala, na mimi kwa ugeni wangu nikadhani ndivyo mtaa ulivyo. Idi ilipopita honi zikarudi, hata redio siisikii vizuri. Sasa Bwana Maxwell anataka kupendekeza malori yapitishwe huku, eti penye kijani patavumilia, na mke wa Mzee Badawi ana ugonjwa wa moyo, akisikia honi moja tu hushika kifua, na mzee kila nikipita barazani huniuliza, "Mwanangu, mtambo wako wasemaje juu yetu?" nami namjibu bado, bado, huku sahani ya mwisho ya futari waliyoniletea iko chumbani kwangu, naona haya hata kuirudisha. Nikisema nitafukuzwa. Nikinyamaza je?

Mutunga, Kibokoni

Marahaba, Mutunga. Pole, mwanangu, ugeni si dhambi. Lakini mwezi mzima ulikula futari ya watu, na hukujiuliza mbona mchana mtaa umelala? Kompyuta haijui Ramadhani. Wewe ndiwe uliyekuwapo. Hapo ulikosea tu. Tangu Idi, hata hivyo, unajua, na kila "bado" unayomwambia mzee ni uongo. Unaogopa kufukuzwa, na yule mama, aogope nini?

Kesho chukua mashine hiyo hiyo, simama pale pale, upime asubuhi, mchana na jioni. Nenda kwa Bwana Maxwell na vipimo vipya mkononi, usiende na machozi. Mwambie vya kwanza ni vya Ramadhani, ramani ichorwe upya kabla haijatoka ofisini. Atafoka, mwache afoke. Akikufukuza utatafuta kazi nyingine, lakini moyo wa yule mama ni mmoja.

Kisha kaa barazani na mzee, umweleze kwa kinywa chako. Na sahani irudishe. Kwetu hairudi tupu, basi tia hata ndizi mbili, ila ukweli utangulie.

Bi Mirriam