Herufi Moja na Migomba ya Deodata

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi, marahaba. Nisaidie mimi Bonaventura wa Bugarama, niliyevuka mto Kagera vitani na mzinga begani huku mamba wakinipisha, lakini leo nimeshindwa na dada yangu Deodata, mjane, ambaye halmashauri ya kijiji imemchukulia shamba lake la migomba liwe la ujamaa, bila mkutano, bila kura, yeye mwenyewe akapata habari kwa mtu aliyekuja kukata ndizi, na kwa kuwa katika ukoo mzima mjuzi wa sheria ni mimi, ingawa darasa la nne sikulimaliza, nikamwambia asihangaike, mashitaka nitaandika mimi.

Sasa kwenye ulimi wangu r na l ni mapacha, nikaandika kwamba walichukua shamba "bila kula". Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo akasoma, akavua miwani, akauliza, "Mzee, ulitaka viongozi wapikiwe kwanza?" Ningesema nimekosea herufi yangekwisha, lakini watu walijaa hadi madirishani, nikajibu, "Ndiyo, mheshimiwa, mwenye njaa haamui vizuri." Wakacheka hata wazee wa baraza, shauri likatupwa kwa kukosa hoja. Kijijini, kwa wasiokuwepo mahakamani, nikasema hakimu alisimama kunipa mkono, wakaninunulia pombe.

Deodata hakucheka. Aliniambia, "Kaka, umeuza migomba yangu kwa kicheko. Twende Ngara tukate rufaa, ukaseme ulikosea." Nikisema, Bugarama nitapita wapi? Nisiposema, watoto wake wanaoniita mjomba watakula nini? Silali, mshauri.

Bonaventura

Ndugu Bonaventura,

Pole, ila pole iliyo kubwa ni ya Deodata. Mamba walikupisha, herufi moja imekushika mguu.

Kijiji kina mamlaka ya kupanga ardhi, lakini hakina ruhusa ya kumwamulia mtu nyuma ya mgongo wake. Uamuzi uliofanywa bila kumwita wala kumsikiliza mwenye shamba, mahakama inaweza kuutengua. Hoja nzuri hivyo, wewe ukaigeuza ugali.

Na usiusingizie ulimi. Katika barua hii "kura" umeiandika sawasawa. Kilichokushinda ni kiburi.

Muda wa rufaa hausubiri aibu yako ipoe. Wiki hii hii mfuatane na dada yako Mahakama ya Wilaya, mkamwone karani. Aandike mwalimu wa shule, si wewe. Deodata azungumze mwenyewe, shamba ni lake. Ukiulizwa, sema ulikosea ukaona haya, kisha unyamaze. Huenda mmeshachelewa, na mikungu iliyokwisha kukatwa hairudi, hilo utaishi nalo. Hata hivyo nenda.

Na neno likikukwama tena mbele ya hakimu, nyoosha mkono juu, kama wanakijiji wangenyoosha siku ile ya shamba, lau wangeulizwa. Ataelewa.